Pijo ya Baba Mkwe Imetulaza Barabarani

*Shangazi, mimi ni mama wa mtoto mmoja, yuko gredi ya tatu. Tangu Januari mimi na mume wangu tunaishi ndani ya trela yetu ya kuuzia chapati na chipsi. Kodi ya nyumba hapa Umoja ilitushinda, tukasema heri tulale kazini. Usiku tunaegesha kwenye kiwanja cha kuoshea magari, asubuhi trela inavutwa hadi Donholm, na Jumamosi tunaipeleka Jericho kukiwa na mechi Camp Toyoyo. Kinachoivuta ni pikapu ya Peugeot 504 ambayo mume wangu aliachiwa na marehemu babake. Tangu Pasaka Pijo hiyo imetukwamisha mara sita: mara nne imechemka, mara moja klachi, mara moja sijui ni nini. Mara ya mwisho ilikuwa Outering, saa moja jioni, unga umeshakandwa. Brekidauni ilitaka elfu nane. Hatukuwa nazo, tukalala papo hapo kando ya barabara. Asubuhi mtoto akavalia sare mle ndani, na mwenzake wa darasani akamwona kutoka kwenye matatu. Sasa hataki shule. Nikitaja kuuza gari, mume wangu anasema namtukana babake. Nifanyeje? – Mama Chapati, Umoja*

Mwanangu,

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama Outering pamoja nanyi. Kwa hiyo kabla ya mambo ya mume na mkwe, tuumalize usiku ule.

Trela huchukua umeme wa taa zake kutoka kwa gari linaloivuta. Betri ya gari ikifa, trela nayo inazimika, na dereva anayekuja nyuma kwa kasi anaona giza lililosimama njiani. Ndani ya giza hilo umemlaza mtoto, kando ya mitungi ya gesi. Usirudie. Siku gari likigoma, pembetatu za kuonya zitolewe kwanza, moja iwekwe mbali kabisa nyuma, kisha wewe na mtoto mshuke mvuke upande wa mbali na magari, mpande chochote kinachopita hadi kwa ndugu au jirani wa zamani. Baba abaki akilinda mali, akiwa amesimama nje. Vali za mitungi zifungwe kabla trela haijaanza kuvutwa, siyo baada ya kukwama. Watu wa Eastlands hatuhitaji kukumbushwa gesi inaweza nini. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 kule Mradi, Embakasi, tuliuona moto kutoka mbali.

Na kwa kuwa baridi ya Julai huwafanya watu werevu kuwa wajinga: jiko la makaa lisilale nanyi ndani ya trela, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake mbaya haina harufu na haiamshi mtu.

Sasa Pijo. Unasema imeharibika mara sita, lakini nikihesabu naona ugonjwa mmoja uliotibiwa vibaya mara nne. Naomba unijibu maswali haya kimoyomoyo. Rejeta inajazwa maji ya mfereji? Fundi aliwahi kuitoa thamostati akasema gari la Afrika haliihitaji? Na kabla ya kuondoka asubuhi, mnajaza maji ya kupikia na kuoshea vyombo kabisa, ili mkifika Donholm muanze kazi?

Maji ya mfereji bila dawa ya rejeta huleta kutu, kutu huziba vijitundu, na injini inayovuta mzigo haipati pa kupoa. Kuitoa thamostati kunaficha dalili kwa muda, kisha gasketi inaungua na mnaanza upya. Kisha kuna uzito. Jerikani kumi za lita 20 ni kilo 200, sawa na kuwabeba watu wazima watatu kila asubuhi ili mkawamwage Donholm. Ongeza mitungi, karai, viazi, godoro. Klachi ya gari lenye umri wa mume wako ikilia, ina haki ya kulia. Maji nunueni huko huko mnakouzia. Vitu vizito vikae karibu na ekseli, vikielekea mbele kidogo; vikirundikwa nyuma, trela itayumba na kulitikisa gari kama mbwa anavyotikisa mkia wake, ila hapa mkia ndio utakaomtikisa mbwa. Na beringi za magurudumu ya trela zitiwe grisi, kwa sababu watu hulihudumia gari na kuisahau trela inayovutwa.

Spea za Pijo bado zinapatikana Grogan. Barabara ile inaitwa Kirinyaga tangu zamani, lakini Nairobi imekataa kulisahau jina la yule mlowezi aliyesifika kwa kutoka Cape hadi Cairo, safari aliyoimaliza mwaka 1900. Sehemu kubwa alikwenda kwa miguu, kwa hiyo hakuwahi kungoja brekidauni. Mume wako akienda huko aende na kipuri cha zamani mkononi, na akikuta fundi anayetaka kubadilisha kitu kabla ya kukipima, ashike njia.

Hayo yote yataipa Pijo nafuu. Hayatabadilisha jambo ninaloliona mimi, kwamba nyumba yenu, kazi yenu na kumbukumbu ya marehemu vyote vimefungwa kwenye ndoano moja. Ndiyo maana gari likichemka, mtoto anakosa shule na wewe unaambiwa umemtukana mkwe.

Simlaumu mume wako. Wewe labda hukuwa umezaliwa, lakini sisi tulikua tukisikia kwamba 504 imeshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978 (ile ya 1978 ilikuwa ya aina ya coupé, si pikapu, lakini jaribu kumweleza hivyo mwenye pikapu). Mwanamume aliyekuwa na Pijo alijenga, alisomesha, alibeba wagonjwa wa kijiji kizima. Mume wako akishika usukani ule anamshika babake mkono. Ukisema "tuuze", hicho ndicho anachokisikia unataka kukiuza.

Basi usiseme tuuze. Sema ipumzike. Ununue daftari la watoto la kurasa 32, na jioni moja mauzo yakiwa mazuri, mkae wawili. Upande mmoja andikeni kila senti iliyoliwa na Pijo tangu Pasaka: spea, fundi, brekidauni, unga uliochacha, siku ambazo hamkuuza. Upande wa pili andikeni nauli ya pikapu ya kukodi kwa safari zile zile. Ziko nyingi mitaani zikingoja mizigo kando ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na mwenye nazo akihakikishiwa kazi kila siku hupunguza bei. Muulizeni mambo matatu tu: kama ndoano yake inaingiana na yenu, kama soketi ya taa inafanya kazi, na kama bima yake inakubali kuvuta trela. Peni aishike mume wako, ajumlishe mwenyewe. Wewe nyamaza.

Nikibahatisha, tofauti itakayobaki haitakuwa mbali na kodi ya chumba kimoja Kayole. Hicho chumba ndicho ninachokitaka kwa ajili ya mtoto. Ninyi wawili mnaweza kupokezana kulala kwenye trela kuilinda. Yeye anahitaji mlango ambao hauna magurudumu. Kabla hamjakipata, zungumza na mwalimu wake wa darasa, faraghani. Usimwambie mtoto asione aibu, kwa sababu ameshaiona. Mwambie baba ampeleke shuleni siku ya kwanza, kwa miguu, wakizungumza habari za babu na Pijo yake.

Na Pijo yenyewe ina pa kwenda. Kule ushago kuna maziwa ya kupeleka, nyasi za ng'ombe, mikungu ya ndizi. Bila trela mgongoni, rejeta ikiwa safi, inaweza kufanya kazi aliyoizoea mwenyewe marehemu. Mume wako aiendeshe hadi huko, na aondoke alfajiri kabla ya jua. Mkifika niandikie, uniambie kama ilichemka njiani na ni kwenye mlima gani.