Jina lako liwe juu ya hadithi yako

Mdogo wangu wa Kariakoo, barua yako nimeisoma mara mbili. Una miaka 22, mchana unauza vitenge dukani kwa mjomba, usiku unacheza gemu za Kijapani kwenye simu. Sasa kucheza hakukutoshi, unataka uwe wewe unayeziandikia hadithi. Mama amekwambia uache ndoto za mchana. Nawe unaniuliza, dada, hii ni kazi kweli?

Ni kazi, na ina wakongwe wake. Yuji Horii alizaliwa mwaka 1954 katika kisiwa cha Awaji, akasoma fasihi Chuo Kikuu cha Waseda, kisha akawa mwandishi wa kujitegemea wa magazeti na majarida. Kwenye gemu aliingilia mlango wa mashindano: mwaka 1982 kampuni ya Enix ilishindanisha watunga programu, yeye akapeleka gemu ya tenisi, ikawa miongoni mwa zilizoshinda. Mwaka uliofuata akatoa hadithi ya upelelezi kuhusu mauaji ya mjini Kobe, ambamo mchezaji ndiye anayeuliza na kupekua. Tarehe 27 Mei 1986 ikatoka Dragon Quest. Hadithi yake, picha za Akira Toriyama, muziki wa Koichi Sugiyama, vyote vilienea kwenye kaseti ya kilobaiti 64. Picha moja unayopiga na simu yako leo ni nzito kuliko gemu ile nzima. Hapo neno la ziada halikuwa na pa kukaa. Na shujaa wake hasemi kitu, wanaosema ni watu anaokutana nao njiani, ili wewe unayecheza ujione kwamba shujaa ndiye wewe.

Ugumu wa kazi uko hapo hapo. Mwandishi wa riwaya anaamua mhusika wake atajibu nini. Wa gemu hajui mchezaji atachagua lipi, kwa hiyo anaandika majibu yote. Wewe shule hiyo umekaa ndani yake kutwa nzima.

Mteja anashika kitenge. "Bei gani?" Unamwambia elfu ishirini na tano. "Bei ya mwisho?" Hapo njia zinagawanyika. Akigeuka kuondoka, unamwita au unamwacha? Ukimwita kabla hajafika duka la pili, ameshajua bei yako inashuka. Akibaki anakikunja kitambaa taratibu, anakipapasa pindo huku anaangalia pembeni, basi hela anayo, anapiga hesabu ya nauli ya kurudi Mbagala. Akikwambia amekiona kwa elfu kumi na nane Mtaa wa Kongo, utamwambia kile ni chepesi, au utamkatia elfu mbili yaishe? Na wiki ijayo akipita tena, atakuwa anakumbuka ulivyomjibu.

Iandike hiyo, mdogo wangu. Mteja mmoja, njia tatu, kila njia na mwisho wake. Ikikushinda kwenye daftari, ingia kwenye Twine, programu ya bure aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009. Unaandika kipande, unakiunganisha na kingine, hadithi inachezeka, na huhitaji kujua kuandika programu.

Usidhani pia kwamba unalima pori ambalo halijawahi kufyekwa. Mji huu umelisha watunzi wa visa vya kusisimua. Elvis Musiba alimuumba Willy Gamba, mpelelezi wake, huku yeye mwenyewe ni mfanyabiashara aliyefika kuongoza TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima. Ben Mtobwa alitoka Kigoma, akamtunga Joram Kiango, akaandika Dar es Salaam Usiku, na akaanzisha Heko, kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha vitabu. Lufufu alichukua sinema za ng'ambo akazitia Kiswahili, watu wakazifuata kwa ajili ya sauti yake. Hata hivyo nakuomba usiache duka. Sitakudanganya kwamba utatoka Jumatatu ukakuta kiti na mshahara vinakusubiri. Duka linakulisha, na linakupa maneno.

Sasa nikwambie lililonikuta. Nikiwa na umri wako niliandika muswada wa filamu, sini zaidi ya sitini, kwa mkono. Aliyenipa kazi alinilipa nauli na sahani ya chipsi mayai, nikaambiwa mengine yatakuja filamu ikiuzwa. Iliuzwa. Niliikuta imepangwa kwenye meza pale Kariakoo, nikaigeuza kava mbele na nyuma nikitafuta jina langu. Halikuwepo. Muuzaji akaniuliza, dada unachukua au unaangalia tu? Nililia kwenye daladala mpaka nyumbani, lakini sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha mtu.

Kwa hiyo hili nakusihi kwa nguvu zote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kilichoandikwa. Wazo ulilomsimulia mtu barazani mkinywa kahawa halina ulinzi. Andika kwanza, weka tarehe, jitumie nakala kwa barua pepe, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukasajili. Ndipo umwonyeshe mtu. Na anayekuambia mambo ya mkataba mtaongea baadaye, mwambie muswada nao atauona baadaye.

Kuhusu mama, usimjibu kwa ukali. Anaogopa njaa, na ana haki. Mweleze habari za Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza hela miaka mitatu akamnunulia kompyuta. Kijana akajifunza mwenyewe, akatengeneza gemu ya amani akaiita Salaam, na mwaka 2018 akatunukiwa kwenye tuzo za gemu zinazotazamwa dunia nzima. Kisha mkalishe mama, mpe simu, achague yeye kama yule mteja aitwe au aachwe.

Hadithi ya kitenge naisubiri kabla mwezi haujaisha. Kabla hujanitumia, hakikisha ukurasa wa kwanza una jina lako kamili na tarehe.