SOMO: USHIRIKA WA WAKULIMA UNATUHUSU NINI?

Ndugu mfanyakazi, usiseme ushirika ni mambo ya wazee wa kijijini. Ndugu Ignatius Musazi alianza na chama cha madereva mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha baada ya vita akawaunganisha wakulima wa Buganda. Mkulima alilima pamba, lakini hakuwa na ruhusa ya kuichambua wala kuiuza nje mwenyewe. Aprili 1949 ghasia zikazuka, na serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku chama chake. Hata hivyo, tangu 1952, wakati wa Gavana Cohen, vyama vya ushirika vilianza kununua viwanda vya kuchambua pamba. Mwaka 1954 Wagisu wa Mbale wakaunda chama chao kikuu cha kahawa.

Mbona basi vingi vilianguka? Vita, siasa, na wizi wa ndani pia, tusifichane. Nilipokuwa mtoto baba yangu alipeleka kahawa akarudi na karatasi badala ya pesa. Karatasi ile ilizeeka sandukuni. Misaada nayo haikutosha: Benki ya Ushirika ilipata fedha za Marekani, lakini mwaka 1999 Benki Kuu ikaifunga, na akiba ya vyama vingi ilikuwa humo.

Ukienda nyumbani msimu wa mavuno, mwulize mzee: nani anasimamia mizani? Hesabu zilisomwa lini mbele ya wanachama? Kama hajui kusoma, nenda naye mkutanoni ukamsomee.