Somo la Wiki: Bahari Ambayo Hakuna Aliyeiona

Wapendwa, somo letu wiki hii linatupeleka mbali, hadi Jupita, ile sayari ambayo vitabu vya Kiswahili huiita Mshtarii. Swali ni moja: unajuaje kwamba kitu kipo kama huwezi kukiona wala kukigusa? Someni pamoja na vijana nyumbani, maana wao ndio huuliza maswali magumu.

1. Tumfahamu mwenyeji kwanza

Jupita ina upana wa karibu mara 11 ya dunia yetu, lakini siku yake haifiki saa 10. Ndani yake haidrojeni imebanwa sana hadi inapitisha umeme kama chuma, na mzunguko huo wa kasi huzaa sumaku yenye nguvu za ajabu. Sumaku hiyo hunasa chembe za umeme na kuzikimbiza huku na huku. Io, mwezi wenye volkeno nyingi, huongezea karibu tani moja ya chembe kila sekunde. Matokeo yake ni mionzi mikali inayoharibu mitambo.

Ndani ya mionzi hiyo kuna mwezi mwingine, Europa. Galileo Galilei aliuona mwaka 1610 pamoja na mingine mitatu mikubwa. Ni mdogo kidogo kuliko mwezi wetu, na wote umefunikwa na barafu.

2. Sumaku ikatoa ushahidi

Ukiingia kwenye jengo la biashara mjini, askari hukupitishia kile kifaa cha kukagua. Kikifika mfukoni kinalia. Hajafungua mfuko wako, lakini tayari anajua una funguo. Sababu ni kwamba sumaku inayobadilika huamsha umeme ndani ya chuma, na umeme huo huzaa sumaku yake ndogo, ambayo kifaa huisikia.

Sasa angalia. Sumaku ya Jupita imeinama kiasi cha digrii 10. Kwa hivyo sayari inapozunguka, Europa hupata sumaku inayobadilika mwelekeo kila baada ya saa tano na nusu hivi. Jupita imekuwa kile kifaa cha askari, na Europa ndiyo mfuko.

Chombo cha NASA kilichopewa jina la Galileo kilifika Jupita Desemba 1995 kikiwa na kipima sumaku. Kundi la mwanasayansi Margaret Kivelson liliona dalili kwamba Europa inajibu. Lakini dalili moja haitoshi. Wakasubiri hadi Januari 2000, chombo kilipopita wakati sumaku ya Jupita imegeuka. Kama jibu lilitokana na umeme ulioamshwa, nalo lilipaswa kugeuka. Likageuka! Barafu ngumu haipitishi umeme kiasi hicho. Maji ya chumvi yanapitisha. Maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba chini ya barafu kuna bahari, na wanasayansi wanakadiria maji yake ni kama mara mbili ya bahari zetu zote.

3. Kifaa kikiharibika, kazi haijaisha

Mwaka 1991, Galileo kikiwa bado njiani, antena yake kubwa ilikataa kufunguka. Wahandisi walitumia antena ndogo na kutuma taarifa polepole sana. Hata ushahidi wa bahari ulipitia humo.

Septemba 2003, mafuta yakiwa karibu kuisha, walikielekeza chombo ndani ya Jupita kiangamie. Hawakutaka kije kugonga Europa na kupeleka vijidudu vya dunia kwenye maji yale. Mali yako mwenyewe unaiharibu ili usichafue mahali usipowahi kukanyaga. Hiyo nayo ni uwakili.

4. Hesabu ya hatari

Chombo kipya, Europa Clipper, kimegharimu takriban dola bilioni 5. Mwezi Mei 2024, miezi michache tu kabla ya safari, iligunduliwa kwamba baadhi ya transista zake huenda zisistahimili mionzi. Ungefanya nini? Kufungua chombo chote, kuahirisha, ama kwenda hivyo hivyo na kutumaini?

Walipima usiku na mchana kwa takriban miezi minne. Wakaona kwamba mpango wenyewe una kinga: chombo hakikai Europa. Kinazunguka Jupita kwa karibu siku 21, kinaingia penye mionzi kwa muda mfupi, kisha kinatoka, na transista zinapata nafasi ya kujirudi. Basi kikaruka tarehe 14 Oktoba 2024. Kinatarajiwa kufika Aprili 2030 na kupita karibu na Europa mara 49.

Katika biashara tunafundishwa kwamba si kila hatari unaweza kuiondoa. Nyingine unaipima, unaweka kikomo cha muda, unafanya kazi, unatoka.

5. Tahadhari

Ukitumiwa kwenye simu eti viumbe wameonekana Europa, usisambaze. Clipper kinakwenda kuchunguza kama mazingira yale yanaweza kutegemeza uhai, basi. Bahari ina ushahidi wenye nguvu; viumbe, hakuna ushahidi bado. Mtu mwaminifu hatenganishi ukweli na kipimo chake.

Maswali ya kujadili

a) Kwa nini kipimo cha Januari 2000 kilikuwa na uzito kuliko vya awali?
b) Ni jambo gani unalosadiki kwa dalili moja tu? Utalipimaje mara ya pili?
c) Ni hatari gani kazini kwako inayohitaji kikomo cha muda?