Mgonjwa Hana Upande: Somo juu ya Kubeba Wagonjwa kwa Kujitolea

Somo letu la leo linahusu kazi ambayo kila kijiji cha Maniema kinaijua: kumbeba mgonjwa mpaka mahali anapoweza kutibiwa. Kazi hiyo inaweza kuwa mlango wa amani kati ya wenyeji na wale waliokimbilia kwao. Lakini iko na sharti moja: watu wapatane kabla ugonjwa haujafika.

Kosa letu wenyewe

Katika kijiji kimoja cha upande wa kuume wa mto Lualaba, sisi wa shirika tulipeleka machela nzuri ya kukokotwa na baiskeli. Tulipiga picha, tukashukuriwa, tukarudi mjini. Hatukukaa na watu kuuliza: Nani atabeba? Nani ataamua safari? Nani atalipa mtumbwi?

Baada ya muda, mama mmoja wa jamaa zilizokimbia vita alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, akaanza kutoka damu. Machela ilikuwa imefungiwa ndani ya nyumba ya mwenyeji mmoja. Vijana wa kijiji walisema kwamba wageni wana vijana wao, wabebe mtu wao. Vijana wa wageni walikuwa tayari, lakini hawakujua njia ya kwenda mtoni gizani. Walipofika mtoni, mwenye mtumbwi alitaka pesa kwanza, na hakuna aliyekuwa nazo. Walivuka kulipokuwa kunapambazuka. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Kesho yake wazee wa pande zote mbili walitueleza wazi kwamba tulileta chombo bila mazungumzo. Walisema kweli. Somo hili limetoka katika kikao hicho.

1. Mgonjwa anachelewa wapi?

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba wamama wengi wanakufa kwa uzazi kwa sababu ya machelewo matatu. La kwanza ni nyumbani: watu wanachelewa kuamua kwamba hali ni ya hatari. La pili ni njiani: wanachelewa kufika. La tatu ni kituoni: mgonjwa amefika, lakini anachelewa kupata matunzo.

Kwetu Maniema, chelewo la pili tunalijua vizuri. Kutoka Kindu mpaka Kasongo ni zaidi ya kilomita 200, na wakati wa mvua gari linaweza kulala matopeni. Mtu wa Alunguli anayetumwa upande wa Kasuku lazima avuke mto kwa mtumbwi au kwa kivuko. Lakini katika kisa chetu mto ulikuwa mtulivu na njia ilikuwa kavu. Kilichomchelewesha yule mama kilikuwa kutoaminiana. Kwa hiyo tusiseme siku zote kwamba shida ni barabara. Mara nyingine barabara iliyoharibika ni ile iliyo kati ya nyumba yangu na nyumba ya jirani yangu.

2. Desturi tuliyo nayo

Kujitolea kubeba wagonjwa si jambo lililoletwa na mashirika. Wazee wetu walifunga miti miwili kwa kamba na blanketi, wakapata kipoyi, na wanaume wakapokezana mabegani. Nchi jirani zina desturi hiyo pia. Nchini Rwanda na Burundi inaitwa ingobyi. Kusini-magharibi mwa Uganda kuna vyama vya engozi, ambamo kila jamaa inaandikishwa na inajua zamu yake ya kubeba. Vyama hivyo vilikuwa na nguvu hata hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha mfuko wa bima ya afya mwaka 1996 iliujenga juu yake: watu waliokwisha zoea kubebana walikubali pia kuchangia matibabu pamoja.

Tanzania ilianza njia nyingine mwaka 2013 katika sehemu za Sengerema na Shinyanga. Mpango wao, uitwao m-mama, unatumia madereva wa kawaida wa kijijini wanaopigiwa simu kumchukua mama mjamzito au mtoto mchanga pale ambapo gari la hospitali halipo. Dereva analipwa na mpango, si na mgonjwa. Mwaka 2022 serikali yao ilianza kuueneza nchi nzima.

Tunajifunza nini? Uganda wana miti na mabega, Tanzania wana magari na simu. Lakini wote wawili walipanga mapema nani ataitwa, na pesa itatoka wapi. Hiyo ndiyo iliyokosekana kwetu.

3. Mapatano ya kufanya kabla

Tunashauri viongozi wa wenyeji na wa jamaa zilizokimbia waite kikao kimoja, wamama wawepo na waseme, na mwuguzi wa kituo cha afya awepo pia. Wapatane juu ya mambo haya:

Kwanza, halmashauri iwe ya pande zote mbili, na wanawake wawe ndani yake. Wahudumu wa afya wa jamii, tunaowaita RECO, wanaweza kuwa kiungo kati yake na kituo.

Pili, kila zamu ichanganye watu. Watu wanane wanafaa: wanne wabeba, wanne wapokeaji. Kati yao wawepo wenyeji wanaojua njia na wageni wanaojulikana na jamaa zao. Mama akibebwa, mwanamke mmoja asafiri pamoja naye.

Tatu, machela ikae mahali pa wote, kama baraza la kituo cha afya, bila kufuli ya mtu mmoja.

Nne, anayebebwa kwanza ni mwenye hatari kubwa. Tusiulize kabila, dini, deni, wala alifika kijijini lini. Wagonjwa wakiwa wawili, mwuguzi au mkunga aamue, si mwenye sauti kubwa.

Tano, uwepo mfuko mdogo wa pamoja, kwa namna ya likelemba, kwa ajili ya mtumbwi, mafuta ya pikipiki na inite za simu. Asiye na franga alete mpunga, mihogo au siku moja ya kazi. Hesabu isomwe mbele ya watu kila mwezi. Tupatane na wenye mitumbwi kwamba mgonjwa avuke kwanza, malipo yafuate.

Sita, anayejitolea asitoke na njaa. Apate chakula siku ya safari, na jirani zake wamsaidie shambani. Wazee wanakumbuka salongo ya zamani, ambapo watu walilazimishwa. Hii isiwe hivyo: aliyechoka aruhusiwe kupumzika bila kutukanwa.

4. Namna ya kumbeba mtu vizuri

Mwenye nia njema asiye na ujuzi anaweza kumwumiza mgonjwa. Ombeni mafunzo kwa mwuguzi wenu au kwa Msalaba Mwekundu wa nchi yetu. Haya machache kila mbeba ayajue:

Mama mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Asisubiriwe nyumbani akiona damu, degedege, homa kali, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona giza, au uchungu uliopita saa 12. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa katika saa chache. Huyo asingoje asubuhi.

Asiyejitambua alazwe kwa ubavu ili asikabwe na matapishi, na asipewe maji wala dawa mdomoni. Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Mfupa uliovunjika ufungwe pamoja na vijiti vilivyonyooka. Aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi asikalishwe wala asiinuliwe kwa mikono na miguu. Watu kadhaa wamwinue pamoja kama gogo moja, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka.

Mahali tambarare na mtelemkoni, miguu ya mgonjwa itangulie. Kwenye mpando, kichwa kitangulie. Mmoja aangalie uso wake na pumzi yake safari yote. Ndani ya mtumbwi alazwe chini katikati, na mtu wa kumshika awe karibu.

Vaeni glavu mkigusa damu. Zikikosekana, tumieni mifuko ya plastiki isiyotoboka. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, na osheni machela kila safari. Sisi wa mkoa huu tunaijua mpox na tunaijua kolera: mwenye kubeba asije akaupeleka ugonjwa nyumbani kwake.

5. Mbele ya wenye silaha

Wengi wetu tunakumbuka vita vilivyoanza mwaka 1998, wakati mtu aliogopa hata kwenda shambani. Leo tena kuna jamaa zinazopita njia zenye vizuizi. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo nchi yetu imeikubali, inasema katika kifungu cha 3 kwamba majeruhi na wagonjwa lazima waokotwe na kutunzwa. Kifungu hicho kinawahusu wanajeshi wa serikali pamoja na makundi yenye silaha.

Ili watu waliamini jambo hilo, nasi tuwe waaminifu. Kwenye machela kusiwe na silaha, barua za siri, wala bidhaa za biashara. Wabebaji wasivae nguo za kijeshi. Wakirudi, wasieleze upande wowote waliyoyaona njiani. Alama ya msalaba mwekundu inalindwa na sheria; tusiichore sisi wenyewe bila ruhusa. Viongozi wawaarifu wakuu wa vizuizi mapema kwamba kazi hii ipo. Na kama njia si salama kabisa, halmashauri inayo haki ya kusema: tungoje kidogo. Anayejitolea naye ana mama na watoto.

6. Matunda tuliyoyaona

Kijiji kile kilifanya mapatano. Sasa machela inaning'inia barazani kwa kituo cha afya, na zamu imeandikwa ukutani, majina ya wenyeji na ya wageni yamechanganyika. Mwenye mtumbwi yule ni mmoja wa halmashauri. Hatusemi kwamba ugomvi umekwisha: shida ya mashamba ipo, na msaada unapogawanywa maneno bado yanatokea. Lakini watu wanaopokezana mti mmoja begani usiku kucha wanajifunza majina ya watoto wa wenzao. Siku ya ugomvi wa shamba, wanajua mlango wa kubisha.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari ya kwanza baada ya mapatano ilikuwa ya mzee mwenyeji, na mabega mengi yaliyombeba yalikuwa ya wageni.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Mtu akiugua usiku wa leo hapa kwetu, nani ataitwa kwanza? Je, jamaa zote zinajua?
2. Kati ya machelewo matatu, ni lipi linalotuua zaidi? Ni lipi tunaloweza kulipunguza sisi wenyewe bila kungoja msaada?
3. Ni nani katika mtaa wetu ambaye angeogopa kuomba kubebwa? Kwa nini?
4. Chombo gani cha msaada hapa kwetu kimefungiwa nyumbani kwa mtu mmoja? Tutafanya nini ili kiwe cha wote?
5. Ni mtu gani wa upande mwingine tunayeweza kumwendea wiki hii ili tuanze kikao?

Ndugu zetu, msingoje machela ya chuma. Miti miwili na blanketi vinatosha kuanza, mkiisha kupatana. Amani iwe kwenu.