Mti Uliopukutisha Majani Haujafa

Kila mwaka ifikapo Agosti, wapo wananchi waingiao msituni na shoka wakiamini kwamba wanakata miti iliyokufa. Mingi ya miti hiyo i hai. Katika misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na kwingineko nchini, ambako mvua hukatika kwa takriban nusu ya mwaka, kupukutisha majani ni njia ya mti mrefu kujiokoa.

Maji hupanda kutoka mizizini hadi kileleni kwa kuvutwa. Mvuke unapotoka katika vitundu vidogo vya majani, maji yaliyomo ndani ya mirija ya shina huvutwa juu mithili ya uzi usiokatika. Udongo ukikauka mvuto huzidi, viputo vya hewa hujitokeza ndani ya mirija, na uzi hukatika. Mrija uliojaa hewa haupandishi maji tena. Kwa hiyo mti hufunga kwanza vitundu vya majani. Ukame ukiendelea, huyaangusha majani yenyewe.

Mbuyu hujulikana kwa akiba ya maji iliyomo katika shina lake laini. Wengi hudhani kuwa akiba hiyo ni tangi la kunywea kiangazi chote. Uchunguzi wa mibuyu ya Madagaska ulionyesha jambo tofauti: maji hayo husaidia hasa kuchipusha majani mapya kabla ya mvua, na pia kuliimarisha shina lisianguke. Chini ya gome la mbuyu, tena, mna tabaka la kijani linaloweza kutengeneza chakula hata majani yasipokuwapo. Mtundu nao huchipua majani mekundu majuma kadhaa kabla ya mvua za kwanza.

Mti unaostahili kuangaliwa zaidi ni mninga, ambao mbao zake zathaminiwa kuliko nyingi. Mche wake hukauka hadi usawa wa ardhi kila kiangazi, na hali hiyo huweza kurudia kwa miaka mingi. Kwa macho ni kijiti kilichokufa. Chini ya ardhi mzizi unaendelea kunenepa na kuweka akiba, hadi mwaka ule unapokuwa na nguvu ya kutoa shina litakalovuka kiangazi. Aliyeung'oa mche huo wakati wa kusafisha shamba ameng'oa kazi ya miaka kadhaa, na pengine hakujua.

Moto nao hauna athari sawa nyakati zote. Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, huwa mdogo. Ule wa Septemba na Oktoba huwa mkali, na huikuta miti ikiwa imekwisha kutumia akiba yake kuchipua.

Kabla ya kukata, kwaruza gome la tawi kwa ukucha au kisu. Rangi ya kijani na unyevu chini yake ni dalili ya uhai. Tawi moja likiwa kavu, jaribu jingine, kisha shina. Uvunaji wa mninga kwa ajili ya mbao huhitaji kibali kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kwa waliopanda miche ya mninga, inafaa kila mche uwekewe kijiti cha alama kabla haujakauka, ili jembe la Novemba liukwepe.