Gololi za Chuma, Si za Risasi: Kuchagua Katriji ya Kuwindia Bata Bukini Musoma, Bunda na Butiama

Kijitabu cha elimu kwa wawindaji wenye leseni na kwa familia zao

Fundi wa betri akisema "risasi" anataja madini mazito ya kijivu yanayoyeyuka upesi motoni. Askari akisema "risasi" anataja kile kinachotoka kwenye mtutu. Neno ni moja kwa sababu kwa karne nyingi kilichotoka kwenye mtutu kilikuwa madini yale yale. Leo si lazima iwe hivyo, na kwa anayewinda ndege wa majini hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyomo humu. Ili tusipotezane, katika kurasa hizi risasi ni madini, gololi ni punje zinazotawanyika hewani, na katriji ni ganda zima unalolitia kwenye shotigani.

Ndege wenyewe na mahali walipo

Mabata wakubwa wa kwetu ni wawili. Wa kwanza ni bata bukini wa Misri, wa rangi ya kahawia, mwenye doa jeusi kuzunguka jicho, uzito wake kilo mbili hivi. Wa pili ni yule mweusi mwenye mng'ao wa kijani na mwiba kwenye kiungo cha bawa. Huyo ndiye mkubwa kupita bata wote wa Afrika, na dume lake hufika kilo sita. Wote wawili hulala majini au ukingoni, na alfajiri huruka kwenda malishoni: majani mafupi ya ufukweni na mashamba, hasa ya mpunga.

Musoma utawakuta kandokando ya Ghuba ya Mara. Butiama wapo kwenye kinamasi cha mto Mara, katika mafunjo na matete yaliyo juu ya daraja la Kirumi. Bunda wapo Ghuba ya Speke, lakini huko uwe macho: wilaya imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo lango lake la Ndabaka liko kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, na Pori la Akiba la Grumeti nalo haliko mbali. Bata aliyeruka kutoka shambani akatua ndani ya hifadhi si wako tena, hata kama umemjeruhi wewe.

Kabla ya kununua katriji hata moja, fika kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya yako. Uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na bunduki na katriji zinasimamiwa na sheria ya silaha ya 2015. Leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Uliza ni ndege gani wanaoruhusiwa, wangapi, wapi na kwa muda gani, na ukipewa jibu liwe limeandikwa.

Kinachotokea ndani ya firigisi

Bata hana meno. Humeza mchanga na vijiwe, navyo hukaa kwenye firigisi na kusaga chakula kama mawe ya kinu. Anapochokora tope kutafuta vijiwe hivyo hawezi kutofautisha kijiwe na gololi. Akiimeza gololi ya risasi, firigisi inaisaga, asidi ya tumbo inaiyeyusha kidogo kidogo, na sumu inaingia kwenye damu. Gololi chache zinatosha, na wakati mwingine hata moja. Ndege huyo hafi siku hiyo. Anadhoofika wiki mbili au tatu, mabawa yanamlegea kama paa la nyumba, anaharisha kijani, kifua kinakonda mpaka mfupa unachomoza. Mwisho anajificha kwenye matete na kufia humo, na ndiyo maana ni wachache sana waliowahi kumwona. Furukombe akimkuta anamla, na tumbusi naye anamla, na sumu inaendelea na safari.

Sasa piga hesabu. Katriji ya kawaida ya geji 12 yenye gramu 32 za risasi namba 4 ina gololi zinazokaribia 200. Ukimpata bata, zitakazomgusa ni tano au sita. Zilizobaki zinaangukia majini. Mwindaji aliyepiga mara kumi asubuhi moja ameacha gololi zaidi ya 1,800 kwenye tope lile lile ambalo mabata watalichokora kesho, mwaka ujao, na miaka mingi baadaye, maana risasi haiozi.

Hili si jambo jipya duniani. Mwaka 1959 mtafiti Mmarekani Frank Bellrose alikadiria kwamba mabata wawili hadi watatu katika kila 100 wa Amerika Kaskazini walikuwa wakifa kila mwaka kwa sumu ya gololi. Kufikia 1991 Marekani ilikuwa imepiga marufuku gololi za risasi kwa uwindaji wa mabata nchi nzima. Denmark iliziondoa kwenye uwindaji wote mwaka 1996. Nchi za Umoja wa Ulaya zimezikataza kwenye maeneo oevu tangu Februari 2023. Tanzania nayo imo: tangu tarehe 1 Novemba 1999 ni mwanachama wa mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, mkataba unaozitaka nchi wanachama kuachana na gololi za risasi kwenye maeneo oevu. Kuna bata wadogo wanaotua Ghuba ya Mara mwishoni mwa mwaka baada ya kuanguliwa Ulaya na Asia. Tope letu linawalisha na wao.

Watu wa Butiama hawahitaji kufundishwa upya kuhusu sumu na uchafuzi wa maji. Wachimbaji wadogo wa Buhemba wanaijua zebaki, na Machi 2022 sote tuliona maji ya mto Mara yalivyobadilika na samaki wakafa. Risasi haibadilishi rangi ya maji wala haitoi harufu. Hiyo ndiyo hatari yake.

Basi ununue ipi?

Nunua katriji ya gololi za chuma. Chuma kikiachwa majini hupata kutu na kwisha, na bata akikimeza hakimdhuru. Kwenye boksi tafuta maneno ya chuma, au maelezo kwamba gololi hazina risasi. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa tu", chukua gololi moja uijaribu kwa sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyoharibika. Chuma kitanasa, risasi haitanasa. Ipo pia bismathi, nzito kuliko chuma na laini zaidi, inayofaa bunduki za zamani. Haina sumu kama ya risasi, lakini ni ghali, nayo hainasi kwenye sumaku, kwa hiyo hapo itabidi usome boksi.

Chuma ni chepesi kuliko risasi. Kwa ujazo ule ule, risasi ikiwa na uzito wa gramu 11, chuma kina karibu gramu 8. Gololi nyepesi hupoteza nguvu mapema hewani. Dawa yake ni kuchukua gololi kubwa zaidi, namba mbili kupita uliyozoea ya risasi. Hapa wengi hukosea, kwa sababu namba hupungua gololi inapokuwa kubwa, na tena namba ya Uingereza si namba ya Marekani. BB ya Kiingereza ina milimita 4.1, ya Kimarekani karibu 4.6. Acha namba, soma milimita. Kwa bata bukini wa Misri gololi ya milimita 3.5 hadi 4 inatosha. Kwa yule mkubwa mwenye mwiba panda hadi 4 au 4.6. Ndogo kuliko hizo zinajeruhi tu.

Katriji za SG na nyingine zenye gololi nene za kuulia wanyama wakubwa usizipeleke kwa ndege kabisa. Punje ni chache, bata anapita katikati yake, na kila moja inaweza kwenda zaidi ya nusu kilomita juu ya maji.

Je, bunduki yako inahimili?

Chuma ni kigumu, hakibonyei kama risasi kinapobanwa mdomoni mwa mtutu. Bunduki nyingi za urithi, zilizoachwa na babu, zilitengenezwa wakati chuma hakijafikiriwa. Mpelekee fundi wa silaha aliyesajiliwa aikague kabla hujajaribu. Katriji za chuma zenye nguvu kubwa zimekusudiwa mitutu iliyopimwa kwa ajili yake, na alama ya kipimo hicho ni ua dogo la yungiyungi lililogongwa kwenye chuma cha mtutu. Kama alama haipo, usitumie katriji hizo. Na kwa gololi iliyozidi milimita 4, choki, yaani kule kubana kwa mdomo wa mtutu, isizidi nusu choki.

Pima pia urefu. Katriji ya milimita 76 huingia bila shida kwenye chemba ya milimita 70, ndiyo maana watu hudanganyika. Ikilipuka, ganda linakosa nafasi ya kufunguka na msukumo unapanda kupita kiasi. Na kamwe usichanganye mfukoni katriji za geji 20 na za geji 12. Ya 20 ikitumbukia kwenye mtutu wa 12 hukwama mbele, mwenyewe akadhani hajaweka kitu, akaongeza ya 12 nyuma yake. Mtutu unapasukia mkononi. Geji 20 hutengenezwa kwa ganda la njano kwa sababu hiyo hiyo.

Mita 30, na mitumbwi ya dagaa

Hata ukiwa na katriji bora, ukimpiga bata kwa mbali utamjeruhi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Denmark waliwapiga eksirei bata bukini walio hai, wakakuta 36 kati ya kila 100 waliokomaa wanatembea na gololi mwilini. Baada ya kampeni ya kuwafundisha wawindaji kupiga kwa karibu, idadi hiyo ilishuka hadi karibu nusu yake. Kilichobadilika ni umbali.

Kwa gololi za chuma usivuke mita 35, na mita 30 ni bora. Kwa anayejua uwanja wa mpira, kina cha boksi la penati ukikizidisha mara mbili unapata mita 33. Kabla ya msimu, tandaza kiroba kilichofunguliwa, chora duara la sentimita 75, simama mita 30 ulipige, kisha hesabu matundu. Ukiona nafasi tupu inayotosha ngumi mbili, hapo ndipo bata angepita na jeraha. Sogea karibu au badilisha choki. Siku ya kuwinda pigilia kijiti mita 30 kutoka ulipojificha. Bata aliye ng'ambo ya kijiti mwache apite.

Saa ya bata ndiyo saa ya wavuvi. Wavuvi wa dagaa hurudi na taa zao alfajiri, wakati ule ule mabata wanapoondoka majini. Gololi uliyoipiga juu inaanguka zaidi ya mita 200 mbele, na iliyopigwa chini hugonga maji au mawe yetu makubwa ya ufukweni ikaruka upande usioutarajia, chuma zaidi kuliko risasi. Kama bado giza linakuzuia kuona kilicho nyuma ya ndege, usipige.

Gobore

Kumiliki gobore bila kibali ni kosa, hilo linajulikana. Tunalotaka kuongeza ni kuhusu kuyeyusha risasi ya betri chakavu kwenye sufuria ili kupata gololi. Moshi na vumbi lake huingia kwa watoto kuliko kwa mtu mzima, nao huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Sufuria hiyo isirudi jikoni tena.

Jikoni

Mama anayemchuna bata aambiwe amepigwa kwa gololi gani. Kama ni risasi, nyama iliyozunguka tundu ikatwe na kutupwa kwa upana wa vidole viwili, kwa sababu risasi humeguka vipande visivyoonekana, na watoto na wajawazito wasipewe nyama hiyo kabisa. Kisha pasua firigisi, uioshe ndani ya bakuli jeupe, na mchanga utakaobaki chini uukague. Gololi iliyopigwa huacha tundu kwenye ukuta wa firigisi. Iliyomezwa haiachi tundu, na ikiwa ni ya risasi huwa imelika, laini, bapa kama dengu la kijivu, na sumaku hainasi. Ukiikuta, itie kwenye kikopo kilichofunikwa, andika tarehe na mahali bata alipopatikana, iwe Kirumi, Ghuba ya Mara au Ghuba ya Speke, umpelekee Afisa Wanyamapori.