SOMO LA KIKUNDI: MAMA ANAPOSAFIRI PEKE YAKE



Mwezi huu tusome juu ya jambo linaloleta kimya kikubwa mikutanoni. Kikundi kimetengeneza shanga hadi zimejaa gunia. Soko liko Nairobi. Mwenyekiti anauliza, "Nani ataenda?" Hapo kila mmoja anatazama chini. Huyu anasema mzee wake hatakubali. Yule anasema watu watamwita malaya. Mwishowe gunia anapewa kijana fulani, naye anarudi na bei anayotaka yeye. Kikundi kinapoteza pesa, tena hakijui mnunuzi ni nani, kwa hiyo mwaka ujao ni kumtegemea kijana yule yule.

Tutazame mfano wa karibu. Ukitoka Isiolo mjini kwenda kaskazini unafika Archer's Post, na karibu na hapo, kando ya mto Ewaso Nyiro, kuna kijiji cha Umoja. Kilianzishwa mwaka 1990 na wanawake 15 Wasamburu, wakiongozwa na Rebecca Lolosoli. Yeye alikuwa amepigwa na wanaume kwa sababu ya kuwaeleza wanawake haki zao. Wengine walikuwa wamenajisiwa, kisha wakafukuzwa nyumbani kana kwamba kosa ni lao. Wanaume huruhusiwa kuwatembelea, lakini hawaishi pale.

Mwanzo wao haukuwa mzuri. Walinunua mboga na matunda kwa watu wengine ili wauze, kwa maana kulima hawakujua, na biashara haikuendelea. Ndipo wakageukia shanga. Shirika la Wanyamapori, KWS, liliwasaidia kujifunza kutoka kwa vikundi vilivyofaulu kwingine, kama huko Maasai Mara. Polepole wakapata wateja watalii, wakaweka kambi ya wageni, wakajenga shule. Kila mama hutoa sehemu 10 kwa 100 ya mapato yake kwa ajili ya shule na mahitaji mengine ya kijiji. Mwaka 2005 Mama Lolosoli alialikwa Umoja wa Mataifa, New York. Kutoka boma la Samburu hadi huko!

Sisemi kina mama wote wahame wajenge kijiji chao. Wengi wetu tuna waume wema, na boma lataka watu wote. Lakini tuone hili: wale hawakungoja mtu awaletee soko mlangoni.

Hapa Isiolo penyewe tuna kina mama wa maziwa ya ngamia, kama wale wa ushirika wa Anolei. Maziwa yao hupanda basi mpaka Eastleigh, Nairobi, na huko hupokewa na kina mama wengine wanaoyauza. Biashara ya namna hiyo haiwezekani kama humjui mtu wa upande wa pili.

Tena wazee wetu wanakumbuka kizuizi cha Isiolo. Wakati wa mkoloni hukupita kwenda au kutoka kaskazini bila kibali. Tuliona uchungu, sivyo? Basi kwa nini wengine wetu tumeweka kizuizi kama hicho mlangoni kwetu, tukimdai mama kibali? Katiba ya 2010, kifungu cha 39, yasema kila mtu ana uhuru wa kwenda atakako, na kila raia aweza kukaa popote Kenya. Haikusema "kila mwanamume".

Sasa, safari yenyewe. Kosa kubwa ni kumwacha mama akabishane na mumewe peke yake usiku. Wanakikundi wawili, afadhali mmoja awe mtu mzima anayeheshimiwa, waende wakaongee na mzee mchana, wamweleze mama anaenda kwa nani, atalala wapi, atarudi lini, na nani atabaki na watoto. Wengi hukataa kwa sababu hawakuelezwa. Akiendelea kukataa, jambo ni la kikundi kizima, si la yule mama tu.

Karani aandike mali yote kabla haijafungwa. Mama asisahau kitambulisho, apande basi la asubuhi ili afike kungali mchana, na pesa za mauzo azitume kwa M-Pesa badala ya kuzibeba. Akirudi, aandike majina ya wanunuzi katika kitabu cha kikundi. Safari inayofuata aende mwingine, maana mmoja akienda daima, wanunuzi watakuwa wake, na wivu utaingia.

Maswali ya kujadiliana: Katika kikundi chetu, ni nani anayemjua mnunuzi wetu wa mwisho? Mama akisafiri, tunasema nini nyuma yake? Na wanaume mliopo leo: dada yako akitaka kwenda Nairobi kuuza, ungemwambia nini, na je, ni hayo hayo unayomwambia mkeo?